Jinsi ya kuongeza virutubisho juu ya dawa za sonona bila kujiumiza wala kutupa hela

Kama unatumia dawa za sonona na bado hujakaa sawa, yaani umeshatoka kwenye kile kipindi cha kushindwa hata kuoga lakini asubuhi bado ni nzito na kila kitu hakina ladha, hauko peke yako na wala siyo uzembe wako. Kwenye jaribio kubwa la STAR*D lililofanyika Marekani, ambalo matokeo yake yalianza kutoka mwaka 2006, kama theluthi moja tu ya wagonjwa ndo walipona kabisa kwa dawa ya kwanza waliyopewa, waliobaki wengi ilibidi wabadilishiwe au waongezewe kitu. Na hapo kwenye kuongezewa kitu ndo watu wengi wanajikuta wanaangalia virutubisho, omega-3, vitamini D, zinki, magnesiamu, maana vinapatikana bila cheti cha daktari na kila mtu unayekutana naye ana ushauri wake.

Hii kitu inaweza kufanywa vizuri na inaweza kufanywa hovyo, na tofauti ni kubwa. Msimamo wangu nausema mapema: kirutubisho kinaenda juu ya matibabu, hakichukui nafasi ya matibabu, na usikianze mpaka ujue kwanini umechagua hicho na siyo kingine, unakunywa kiasi gani, na lini utakaa chini uangalie kama kimesaidia. Bila hivo unameza vidonge tu.

Kabla hatujaenda mbali. Kama sasa hivi una mawazo ya kujiua au kujidhuru, acha kusoma hapa, mwambie mtu aliye karibu na wewe leo hii na uende hospitali kitengo cha dharura. Hakuna kirutubisho kinachofanya kazi kwa siku moja, vyote vinachukua wiki kadhaa, na hiyo hali haitakiwi kusubiri wiki. Na la pili, usiache dawa zako ili "ujaribu njia ya asili kwanza". Dawa za kundi la SSRI kama sertralini na paroksetini ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi kuvurugika, wengine wanasikia kama shoti za umeme kichwani, na baada ya hapo sonona yenyewe inarudi, halafu unadhani kirutubisho ndo kimefeli kumbe ulijitoa kwenye dawa.

Anza na dawa uliyonayo

Najua unataka kujua ninunue nini, ila hii hatua watu wanairuka na ndo inaokoa hela nyingi. Dawa ya sonona inahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kwenye kipimo cha kutosha ndo uweze kusema inafanya kazi au haifanyi. Sasa jiulize kwa ukweli kabisa, unaimeza kila siku? Au kuna siku unasahau, kuna siku unajisikia vizuri unaruka, wikiendi ukisafiri umeiacha nyumbani? Na kipimo, bado upo kwenye kile cha kuanzia ambacho daktari alisema "tutaongeza ukirudi" na wewe hukurudi? Kama jibu ni ndiyo, basi nyongeza yako ya kwanza ni kurudi kwa daktari, siyo kopo la vidonge vya vitamini. Kama unaongea na mshauri nasaha au mwanasaikolojia endelea, kama huongei na mtu yeyote liulizie hilo pia, maana tiba ya mazungumzo ina ushahidi mzito kuliko kirutubisho chochote nitakachokitaja hapa.

Halafu omba vipimo vya damu. Kuna magonjwa yanayokaa kama sonona kabisa au yanaifanya isipone, na ukiyatibu mambo yanabadilika. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa uvivu unapata uchovu, huzuni, uzito kuongezeka, akili kuwa na ukungu. Upungufu wa damu na wa madini ya chuma hivohivo, unachoka mpaka huna hamu ya kitu. Na vitamini B12 ikipungua inaweza kuleta huzuni, kusahau, ganzi kwenye miguu na mikono. Wanaopungukiwa B12 mara nyingi ni wasiokula kabisa vitu vya wanyama, watu wazima wenye umri mkubwa, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na hawa wawili wanaosahaulika sana, wanaotumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi na wanaotumia omeprazoli ya tumbo kila siku. Ukiwa mmojawapo sema kwa daktari, usisubiri aulize.

Kwahiyo orodha ya kuomba ni wingi wa damu na ferritini yaani akiba ya madini ya chuma, kipimo cha tezi yaani TSH, B12, foleti yaani vitamini B9, na vitamini D kama kinapatikana. Tahadhari moja ndogo, kama unakunywa biotini, ile ya nywele na kucha, mwambie anayekupima na uulize uisimamishe siku ngapi kabla, kwasababu biotini nyingi inaweza kuharibu majibu ya vipimo vya maabara ikiwemo hicho cha tezi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hili mwaka 2017.

Majibu yakionyesha una upungufu, hapo hatuzungumzii tena nyongeza ya kujaribu, hiyo ni tiba kabisa, daktari anakupa kipimo cha kurudisha kile kilichopungua na unapimwa tena baadae.

Omega-3, na jinsi ya kusoma kopo

Kama vipimo viko sawa na bado unataka kuongeza kitu, mimi ningeanzia hapa. Omega-3 imefanyiwa majaribio mengi kuliko virutubisho vingine kwenye sonona, na mwaka 2022 jopo la wataalamu wa WFSBP na CANMAT, mashirika ya wataalamu wa magonjwa ya akili, ambao kazi yao ilikuwa kupitia virutubisho na mimea kwenye magonjwa ya akili, waliiweka kwenye vile vinavyofaa kuongezwa juu ya dawa. Faida yake siyo ya miujiza, ni ya kiasi, na majaribio hayakubaliani yote. Lakini kuna jambo limejitokeza tena na tena: kinachoonekana kusaidia ni EPA, siyo DHA. Ndani ya mafuta ya samaki kuna hizo aina mbili, na majaribio ambayo EPA ilikuwa angalau asilimia 60 ya jumla ya hizo mbili ndo yalionyesha nafuu, yale yaliyojaa DHA hayakuonyesha. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha kimataifa cha watafiti wa lishe na afya ya akili unasema EPA gramu 1 mpaka 2 kwa siku, na EPA iizidi DHA mara mbili au zaidi, kwa wiki 8 angalau.

Sasa hapa ndo watu wanapopigwa. Unachukua kopo, mbele limeandikwa kwa herufi kubwa "miligramu 1000". Unafurahi, gramu moja hiyo, kapsuli moja kwa siku nimemaliza. Geuza kopo. Nyuma kwenye jedwali dogo utakuta hiyo 1000 ni mafuta yote ya samaki, halafu chini yake EPA 180, DHA 120. Ndani ya kapsuli nzima EPA ni 180 tu! Piga hesabu, ili ufike EPA 1000 unahitaji kapsuli kama 6 kila siku, na tena DHA yake iko juu kwa uwiano, 180 kwa 120 haifiki mara mbili. Mtu anakunywa kapsuli moja miezi mitatu anasema omega-3 haifanyi kazi, wakati hajawahi kunywa kiasi kilichojaribiwa. Tafuta ile iliyokolezwa, kwa mfano yenye EPA 500 na DHA 200 au chini kwa kapsuli, hapo mbili zinatosha kufika gramu 1. Na angalia pia wameandika hizo namba ni za kapsuli ngapi, kuna kampuni zinaandika jumla ya kapsuli mbili au tatu kama dozi moja, jicho lisikudanganye.

Usichanganye mafuta ya samaki ya kawaida na mafuta ya ini la samaki. Ya ini yana vitamini A nyingi, ukinywa mengi ili ufikie EPA unajaza vitamini A kwenye ini lako, na kwa mama mjamzito vitamini A ikizidi inaweza kudhuru mtoto tumboni. Kama huli samaki yapo mafuta ya mwani, ila mengi yana DHA zaidi, kwahiyo soma tena hilo jedwali. Mbegu kama za kitani zina omega-3 ya aina nyingine, mwili unaigeuza kuwa EPA kidogo sana, ni chakula kizuri lakini hazitakufikisha kwenye gramu 1.

Kunywa na chakula chenye mafuta kidogo, inanyonywa vizuri na ile kucheua harufu ya samaki inapungua. Ikikusumbua gawanya, nusu mchana nusu jioni. Toboa kapsuli moja uinuse, ikiwa na harufu kali ya kuoza au ya rangi ya ukuta hayo mafuta yameharibika, rudisha. Weka sehemu isiyo na joto wala jua. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, au una historia ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, usianze bila kuongea na daktari, kwasababu dozi kubwa za omega-3 zimehusishwa na kuongezeka kwa tatizo hilo la mapigo.

Vingine, kwa haraka kidogo

Vitamini D. Watu wenye sonona mara nyingi wana kiwango kidogo, lakini mtu mwenye sonona pia hatoki nje, kwahiyo usirukie kusema upungufu ndo uliileta. Kama umepimwa na uko chini, rudisha. Kama uko sawa, kuongeza juu yake hakuna sababu kubwa. Kuna jaribio la VITAL la Marekani lilifuatilia watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 na kuendelea kwa kama miaka 5, vitamini D ya IU 2000 (IU ni kizio cha kupimia vitamini) kila siku haikuzuia sonona. Kwa matumizi ya kawaida usivuke IU 4000 kwa siku bila kusimamiwa, vitamini D haitoki kwenye mkojo kama vitamini C, inakaa mwilini, na ikizidi inapandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Kopo lingine linaandika kwa maikrogramu, maikrogramu 1 ni IU 40, kwahiyo 25 ni IU 1000.

Zinki nayo imejaribiwa kama nyongeza juu ya dawa, majaribio ni madogo ila yanaelekea upande mzuri, na kipimo kilichotumika mara nyingi ni miligramu 25 za zinki yenyewe. Neno "yenyewe" lishike. Kidonge cha miligramu 50 za zinki glukoneti kina zinki halisi kama miligramu 7 tu, kinachobaki ni ile chumvi iliyoibeba, kwahiyo tafuta mahali palipoandikwa zinki halisi. Kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku ukijumlisha na ya kwenye chakula. Ukizidisha kwa miezi, zinki inafukuza shaba mwilini na unaweza kupata upungufu wa damu na matatizo ya mishipa ya fahamu, siyo mchezo. Ukinywa tumbo tupu utapata kichefuchefu, kunywa na chakula.

Foleti ina hadithi ndefu kidogo. Mwaka 2000 jaribio la wagonjwa 127 lilionyesha kwamba asidi foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, ya maikrogramu 500 juu ya dawa ya sonona fluoksetini iliwasaidia, hasa wanawake. Halafu mwaka 2014 jaribio kubwa zaidi la Wales wakatumia asidi foliki ya miligramu 5, haikusaidia. Katikati hapo, 2012, ikaja methilifoleti, ambayo ni foleti iliyo tayari kutumika na ubongo, miligramu 15 kwa siku ilisaidia watu ambao SSRI haikuwatosha, lakini miligramu 7.5 haikusaidia. Kwahiyo hii naona ni ya kuzungumza na daktari wa magonjwa ya akili, siyo ya kujinunulia, hasa kama foleti yako ilipimwa ikawa chini. Na kamwe usinywe foleti nyingi bila kujua B12 yako iko wapi. Foleti inaweza kusahihisha picha ya damu ikaonekana safi huku upungufu wa B12 unaendelea kula mishipa yako ya fahamu chini kwa chini. Anayetumia dawa za kifafa kama fenitoini asiguse foleti ya dozi kubwa bila daktari, inaweza kushusha dawa kwenye damu na degedege likarudi.

SAMe ni kitu ambacho mwili unatengeneza wenyewe. Mwaka 2010 walijaribu kwa wagonjwa 73 ambao dawa zao hazikuwatosha, wakapewa mpaka miligramu 800 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, asilimia 36 walipata nafuu ya maana ukilinganisha na 18 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inatia moyo, ila ni watu wachache na jaribio moja. Ni ghali, inaharibika haraka kwenye unyevu, inakosesha usingizi ukinywa jioni, na kwa mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kushuka sana na kupanda sana, inaweza kumrusha kwenye ule upande wa kupanda, hapati usingizi, anaongea bila kituo, anatumia hela hovyo. Kwa hiyo sababu peke yake nasema isiguswe bila daktari.

Kriatini, hiyohiyo ya wanamazoezi, gramu 5 kwa siku juu ya dawa ya sonona escitaloprami, kwenye jaribio moja la Korea Kusini la wanawake 52 mwaka 2012, walioipewa walipata nafuu mapema zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, kuanzia wiki ya pili. Majaribio mengine hayajawa mengi. Mwenye shida ya figo aache. Probayotiki, yaani bakteria wazuri wa tumbo, zinachunguzwa, mwaka 2023 jaribio dogo la London la watu 49 kwa wiki 8 lilionyesha dalili nzuri, ni mapema kusema zaidi ya hapo. Magnesiamu kama umepungukiwa ni sawa, ila ushahidi wake kwenye sonona ni mwepesi na ikizidi utakaa chooni, na kwa mwenye figo mbovu ni hatari.

Zile "mchanganyiko wa furaha", kopo moja lenye vitu ishirini ndani, mimi siziungi mkono kabisa. Kila kitu kinawekwa kidogo kidogo mpaka hakuna kinachofika kipimo kilichojaribiwa, na ukipata madhara hujui ni nini. Kule Ulaya jaribio la MooDFOOD lilitoa mchanganyiko wa omega-3, foleti, vitamini D na seleniamu kwa watu zaidi ya 1000 wenye uzito mkubwa na dalili kidogo za huzuni, matokeo ya 2019 yalisema haikuzuia sonona.

Vya kutokuchanganya na dawa zako

Hapa naomba usome taratibu. Mmea unaoitwa St John's wort, kwenye kopo unaweza kuandikwa Hypericum, usiongeze juu ya dawa ya sonona. Siyo kwamba haufanyi kazi, unafanya, na hilo ndo tatizo, ukiuweka juu ya SSRI serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizo zinaigusa, inaweza kuzidi mwilini. Hivohivo 5-HTP na triptofani, ambazo zinauzwa kama vidonge vya usingizi au vya "mudi". Serotonini ikizidi unatetemeka, unatoka jasho, moyo unaenda mbio, unaharisha, misuli inakakamaa au inarukaruka, unachanganyikiwa, joto linapanda. Ukiona hivo baada ya kuongeza kitu, ni hospitali muda huohuo, usisubiri kesho, na beba makopo yote uliyokuwa unatumia.

St John's wort ina ubaya mwingine ambao watu hawaambiwi dukani. Inalisukuma ini livunje dawa nyingine haraka, kwahiyo vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kushindwa na mtu akapata mimba, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinashuka, warfarini inashuka, dawa za waliopandikizwa figo zinashuka. Mtu anaona ni majani tu. Tafadhali sana.

Na madini, yaani zinki, chuma, kalsiamu, magnesiamu, yanashikana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie. Levothiroksini ya tezi itenganishe kwa saa 4. Dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, inywe saa 2 kabla ya hayo madini au saa 6 baada yake. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo zinaguswa, muulize mfamasia akupangie saa.

Kuongea na daktari

Wengi wanaogopa kutaja virutubisho mbele ya daktari, wanahisi watachekwa. Sema kawaida tu: "Daktari, dawa imenisaidia kidogo lakini bado sijawa sawa, alama zangu za PHQ-9 (dodoso la sonona, nalieleza chini) zimekwama hapa. Naomba tuangalie kama dozi inatosha, na nilitaka kuongeza omega-3 yenye EPA gramu moja. Dawa ninazotumia zote ni hizi." Halafu unaweka kila kitu mezani, na chai za mitishamba, na vile vya mazoezi, na kile alichokupa shangazi. Piga picha nyuma ya makopo kama hutaki kubeba. Daktari akikukatalia muulize sababu, anaweza akawa anajua kitu kuhusu figo zako au moyo wako. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye bipola na anayetarajia upasuaji, hii hatua siyo hiari kwenu.

Kwenye ununuzi, jua kwamba virutubisho havipitii ukaguzi kama dawa. Marekani kwenyewe, chini ya sheria yao ya mwaka 1994, kampuni haihitaji kuthibitisha kwa serikali kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Kwahiyo tafuta kopo lenye alama ya mkaguzi wa nje kama USP au NSF, ambao wanapima kama kilichoandikwa ndo kilichomo. Alama haisemi kitakuponya, inasema tu hujauziwa unga. Na ukiona kopo limeandika "hutibu sonona" liache hapohapo, muuzaji mkweli haandiki hivo.

Kuanza, na kujua kama kimesaidia

Kimoja kwa wakati. Najua unatamani kuanza vyote Jumatatu, ila ukianza vitatu pamoja ukapona hujui kipi uendelee nacho, ukiharisha hujui kipi uache. Pia usianze wiki ileile daktari amekubadilishia dozi, subiri dawa itulie kwanza.

Siku moja kabla ya kuanza, jaza PHQ-9. Ni maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajipa 0 mpaka 3, jumla inaenda mpaka 27. Chini ya 5 uko vizuri, 10 mpaka 14 ni sonona ya wastani, 20 na zaidi ni kali sana. Andika namba kwenye karatasi na tarehe, siyo kichwani, kwasababu sonona inaharibu kumbukumbu ya jinsi ulivyokuwa, ukiwa na siku mbaya utaapa hujawahi kupata nafuu hata siku moja. Pembeni ya namba andika vitu viwili vya maisha yako vinavyoonekana kwa macho, kwa mfano nimeamka saa ngapi, nimepokea simu za watu au nimeziacha ziite. Rudia kila baada ya wiki mbili, siku ileile ya wiki. Swali la 9 ndo linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru, likipanda kutoka ulipokuwa usingoje wiki 8, mwambie daktari siku hiyo. Kama kuna mtu unayeishi naye na unamwamini muombe naye akuambie anaonaje, mara nyingi wa pembeni wanaona umeanza kucheka kabla wewe hujajua.

Karatasi yako inaweza kusomeka hivi: wiki 0, alama 14, naamka saa 4, simu sipokei. Wiki ya 2, alama 14, kucheua samaki. Wiki ya 4, alama 12, nimehamishia kwenye chakula cha mchana, kucheua kumeisha. Wiki ya 6, alama 10, nimempigia dada. Wiki ya 8, alama 8. Hiyo ni nafuu ya kweli, alama zikishuka 5 au zaidi kuna kitu kimebadilika. Ila kuwa muangalifu, kama katikati hapo ulianza mazoezi, ulipata kazi au dozi ilipanda, liandike pia, inaweza kuwa ni hivo vingine.

Ukifika wiki ya 8 mpaka 12 amua. Imeshuka vizuri, endelea nayo pamoja na dawa, na usiache dawa kwasababu umejisikia vizuri, kwa kawaida madaktari wanataka uendelee nayo miezi 6 au zaidi baada ya kupona ili isirudi. Haijashuka, na ulikuwa unakunywa kiasi sahihi kila siku, acha. Hivi vingi nilivyotaja unaweza kuviacha bila kupunguza taratibu, tofauti na dawa yako ya sonona, isipokuwa vile ulivyopewa na daktari kwa ajili ya upungufu. Kaa kama wiki mbili bila kuongeza kitu, jaza PHQ-9 tena, halafu kwenye ileile karatasi andika jina la kirutubisho, EPA ilikuwa miligramu ngapi au zinki halisi ngapi, ulitumia wiki ngapi na alama zilianzia wapi zikaishia wapi, upeleke kwa daktari siku ya miadi ili hatua inayofuata, iwe ni kubadili dawa au kuongeza nyingine, aipange akiwa na namba mkononi.